Tangu Asubuhi Amejizuia Mara Ngapi?

  

Leo nataka tuzungumze habari ya kujizuia. Sisemi kujizuia kwa mtoto, nasema kwa mtu mzima, na hasa mtu mzima mwenye usonji. Na kwa kuwa jambo lenyewe lipo nyumbani kwetu, nitaanzia nyumbani. Mdogo wangu wa kiume ana usonji. Ameniruhusu niwasimulie, kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiseme kwamba ni mgonjwa. Nimeyakubali yote mawili.

Basi twende Kariakoo.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, na anayeijua Kariakoo ya Desemba hahitaji maelezo. Tuko Mtaa wa Kongo, mdogo wangu amenibebea furushi la vitambaa. Wakati huo ana miaka 33, mrefu, ndevu zimejaa. Tumeingia maduka mangapi sijui. Mimi napatana bei, yeye amesimama nyuma yangu kimya, anausugua ufunguo wa nyumba kwa kidole gumba. Mara kijana wa duka la jirani akawasha spika kubwa aliyoiweka mlangoni. Mdogo wangu akaliachia furushi, akaziba masikio kwa viganja, akatimua mbio. Akampamia mama mmoja mwenye sinia la maembe, maembe yakatawanyika barabarani. Hakugeuka. Hakusema samahani.

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anapaza sauti: "Mwizi!"

Msikilizaji, unajua neno hilo linavyofanya kazi kwenye umati. Mwanamume mzima, anakimbia, anaitwa haitiki. Nilimfuata nikipiga kelele, lakini sauti yangu ilimezwa na spika. Aliyemwokoa ni mama lishe mmoja ambaye huwa tunakula kwake. Aliacha sufuria motoni, akasimama katikati ya njia, akatanua mikono, akasema: "Huyu mwanangu! Mwacheni, huyu mwanangu!" Hakumzaa. Lakini wale vijana walisimama. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu amekaa chini nyuma ya meza, kichwa magotini, anajitikisa mbele na nyuma, na yule mama amesimama mbele yake, kanga ameitanua kwa mikono miwili, anamkinga na macho ya watu.

Sasa nisikilizeni nilichofanya mimi, maana ndicho kilichonileta hapa leo. Tukiwa kwenye bajaji tunarudi nyumbani, nilimwuliza kwa ukali: "Kwa nini hukujizuia? Wewe si mtu mzima?" Hakunijibu. Hakusema neno siku ile wala siku ya pili. Siku ya tatu akaniandikia ujumbe kwenye simu, kwa sababu kwake kuandika ni rahisi kuliko kusema. Aliandika hivi: "Dada, nilijizuia tangu asubuhi. Wewe umeona pale nilipoishiwa."

Naomba niyarudie maneno hayo. Nilijizuia tangu asubuhi. Wewe umeona pale nilipoishiwa.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu usonji. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo, kabla ya mtoto kuzaliwa. Hauletwi na malezi mabaya, hauletwi na kurogwa, na hauambukizi. Unagusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na namna anavyoshikamana na utaratibu. Daktari Leo Kanner aliandika kuuhusu mwaka 1943 kule Baltimore, Marekani, akieleza habari za watoto 11. Na sisi mpaka leo tukisikia usonji tunamwona mtoto. Je, watoto wale 11 walikwenda wapi? Walikua! Wa kwanza katika orodha ile, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alifanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji hauishi siku mtu anapoota ndevu. Na hapa kwetu wapo watu wengi wa miaka 30, 40, 60, ambao hawakuwahi kupimwa na yeyote. Majina yao mtaani tunayajua: mkorofi, mjeuri, hana adabu, mtu wa kivyake.

Tuje sasa kwenye kujizuia kwenyewe. Kujizuia ni nini?

Hebu tufanye zoezi dogo. Chukua kalamu nyekundu, uandike neno KIJANI. Halafu mwite mtu, umwambie asisome neno, akutajie tu rangi ya wino. Utamwona anababaika. Ulimi umeshataka kusema "kijani" kabla akili haijauvuta shati. John Ridley Stroop, Mmarekani, alichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1935, na wanasaikolojia wanayatumia hadi leo. Lipo pia jaribio jingine: unakaa mbele ya kompyuta, kila ukiona mshale unabonyeza kitufe haraka, lakini ukisikia mlio, mkono ukae. Mkono umeshaanza safari, na wewe unatakiwa kuurudisha. Huko ndiko kujizuia kunakopimwa: kulisimamisha jambo ambalo mwili umeshalianza, na kutovutwa na kitu kinachokupigia kelele pembeni.

Je, watu wenye usonji wanafanyaje katika majaribio haya? Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Hilde Geurts walikusanya tafiti nyingi zilizokwishafanywa, wakazitazama kwa pamoja. Waliona kwamba kwa wastani watu wenye usonji hupata shida zaidi kuliko wengine. Lakini sikilizeni la pili: walitofautiana sana wao kwa wao. Yupo anayeshindwa, na yupo anayefanya sawasawa na mtu yeyote. Na ile kazi ya kuurudisha mkono uliokwisha kuanza safari, kwa watu wazima pengo lilikuwa dogo kuliko kwa watoto.

Kwa hiyo breki zipo. Mtu asikudanganye kwamba mtu mwenye usonji hana breki. Breki zipo, na kwa watu wazima wengi zinashika vizuri ukizipima katika chumba kimya, chenye kiti kimoja na taa isiyopepesa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi katika chumba hicho.

Marehemu mjomba wetu alikuwa dereva wa malori, Dar es Salaam kwenda Tunduma na kurudi. Alikuwa akisema kwamba anayeushuka mlima Kitonga huku mguu wake umelalia breki hafiki chini salama. Breki ukizikanyaga mfululizo zinapata moto. Unaanza kusikia harufu, halafu moshi, halafu unakanyaga na gari halikusikilizi. Dereva anayeijua kazi anaingiza gia ya chini tangu juu, injini ndiyo inalishika gari, na breki anazigusa pale tu zinapohitajika. Na lori likifeli breki mtu haulizi, "Hili lori halikufungwa breki kiwandani?" Tunajua zilikuwepo. Tunauliza limeshuka umbali gani limezikanyaga.

Sasa nipeni nafasi niwahesabie mteremko wa mdogo wangu wa Jumamosi ile. Aliniambia baadaye, kidogo kidogo, nami nikaandika. Asubuhi aliamka akakuta mgeni nyumbani, akajilazimisha kumwangalia usoni na kumwamkia. Kwenye daladala abiria aliyekaa naye alikuwa na manukato makali. Alitaka kushuka, akajizuia. Konda alikuwa anagonga bati la mlango kwa sarafu. Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Karibu na kituo mtu alimshika bega kumwuliza njia. Ngozi iliwaka kama kapigwa, akatulia, akamwelekeza. Mikono yake ilitaka kupepea, maana mikono ikipepea yeye hutulia, lakini alikumbuka kwamba mimi huona aibu. Hilo la mwisho lilinichoma, msikilizaji. Akaibana mikono akabaki na ufunguo. Hayo yote kabla ya saa tano asubuhi. Halafu spika.

Watu wazima wenye usonji wameeleza mara nyingi habari ya kujificha namna hii: kuigiza tabasamu, kukariri maneno ya salamu, kuzuia miondoko ya mwili inayowatuliza, ili wasionekane tofauti. Kiswahili chetu kina maneno yake, kujikaza kisabuni. Tafiti za miaka ya karibuni zinahusisha kujikaza huko na uchovu mzito, wasiwasi na huzuni. Na miondoko ile tunayowakataza, kujitikisa, kupepea, kuzungusha kitu mkononi, wengi wao wanasema ndiyo inayowasaidia kutulia. Yaani ndiyo gia ya chini. Sisi tunamnyang'anya mtu gia ya chini, halafu tunashangaa breki zinafeli.

Kwa hiyo lile swali langu la kwenye bajaji lilikuwa swali baya. Siku hizi najiuliza jingine: tangu asubuhi amejizuia mara ngapi?

Sasa, kuna msikilizaji anasema moyoni, "Dada, unataka tumwachie tu mtu avunje sinia za watu?" Hapana. Maembe ya yule mama tuliyalipa, na aliyelipa ni mdogo wangu, kwa pesa yake, Jumatatu, akaomba radhi kwa karatasi aliyoiandika mwenyewe. Mwanamke aliyepamiwa ana haki zake. Ninachobishania ni njia. Kumwambia mtu "jikaze" hakujawahi kumwongezea mtu breki hata nusu.

Tumtazame Temple Grandin, mwanamke mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka 1947 kule Boston, sasa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa msichana alifukuzwa shule kwa kumrushia kitabu mwenzake aliyekuwa akimtania. Akapelekwa shule ya bweni yenye farasi. Huko nako akapigana, akanyimwa ruhusa ya kupanda farasi, na farasi ndio waliokuwa furaha yake. Anasema tangu hapo hasira zake akazigeuza kuwa machozi. Anapoona mambo yanapanda, badala ya kurusha mkono analia, na akiweza anatafuta mahali pa faragha alie. Angalieni hapo. Msukumo haukufutika. Aliutafutia mlango mwingine wa kutokea. Na tena, akiwa kijana aliona kule Arizona ng'ombe wakibanwa ubavuni wakati wa kuchanjwa, akaona jinsi baadhi yao wanavyotulia, akajitengenezea mashine ya kumbana yeye mwenyewe, ili mwili wake utulie. Baadhi ya watu waliomzunguka waliona ni kituko. Yeye alikuwa anajitafutia gia yake.

Mimi naona somo kubwa kwa wenye nyumba lipo hapo. Usiseme "acha" tu. "Acha" ni breki tupu. Mwulize: "Badala yake utafanya nini?" Na mpe nafasi ya kulijibu swali hilo siku ambayo hajakasirika.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi gari watalielewa haraka. Gari likiwa na geji ya joto iliyokufa, injini inachemka na dereva hana habari, mpaka mvuke unapofuka. Tafiti zinaonyesha kwamba takriban nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Mdogo wangu anaweza kuwa na njaa, kiu, na hasira, vyote pamoja, na ukimwuliza unajisikiaje anasema, "Sijui." Hafichi. Hajui kweli. Mpaka kifuniko kinaruka. Sasa tumekubaliana ishara nje ya mwili: akiona anausugua ufunguo kwa nguvu mpaka kidole kinauma, hiyo ndiyo geji yake. Anatoka. Haombi ruhusa, haelezi, anatoka tu, na sisi hatumwulizi anakwenda wapi.

Na maneno je? Maana wengi wenu mnamjua mtu wa namna hii kwa ulimi wake kwanza. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye kikao cha harusi ya binamu yetu, mweka hazina alisoma hesabu, na mdogo wangu akasema mbele ya wazee wote: "Jumla si sahihi. Imezidi laki mbili." Ukumbi ukawa kimya. Jumla kweli ilikuwa imezidi laki mbili. Lakini waliokasirikiwa si waliojumlisha.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Kuna kushindwa kuzuia neno, na kuna kutojua kwamba hapa watu huzuia. Ni vitu viwili. Adabu zetu nyingi hazijaandikwa popote. Mtoto wa kawaida anazinyaka hewani, anajua lini shikamoo inatosha na lini unatakiwa uiname kidogo, anajua kwamba "karibu chakula" ya mwenye nyumba wakati mwingine ni salamu tu. Mdogo wangu hakuzinyaka hewani. Anahitaji aambiwe, waziwazi, na sababu yake. Nilipomweleza kwamba ukiona hesabu mbovu unamnong'oneza mweka hazina pembeni baada ya kikao, alinijibu: "Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?" Tangu siku hiyo ananong'oneza. Angekuwa hana breki, angewezaje?

Wapo pia ambao usonji wao umefuatana na hali nyingine, ile ya kukosa utulivu na umakini, na hao msukumo wa ghafla huwasumbua zaidi. Hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja apewe majina yote mawili, kwa hiyo watu wazima wengi walibeba nusu ya maelezo yao. Ukiona mtu wako anakopa mikopo ya simu usiku, ananunua vitu vilevile tena na tena, na asubuhi analia, usikimbilie kumwita mfujaji. Mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia mwenye kuijua kazi hiyo. Na kwa mdogo wangu, ambaye udhaifu wake ni redio za zamani, kilichosaidia ni kitu rahisi: akiipenda redio anaipiga picha, analala, na asubuhi ndipo anaamua. Kanuni ameitunga mwenyewe. Ingekuwa yangu asingeifuata.

Nimalizie na jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia. Breki zake wakati mwingine hushika na kukataa kuachia.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda kumwona mama. Safari anaitaka, amenikumbusha tarehe mara nne. Nikatoka chumbani nikamkuta amekaa kitini, kiatu kimoja kimevaliwa, cha pili kipo mkononi. Nikanywa chai, nikafunga mlango wa uani, nikarudi. Kiatu bado kipo mkononi. Anakitazama. Zamani ningesema, "Wewe, tunachelewa! Hutaki kwenda?" Na nilikuwa nasema hivyo, miaka na miaka. Watu wazima wenye usonji wameieleza hali hii kwa watafiti: mtu anataka kuanza, anajua la kufanya, na mwili haupokei amri. Ubongo uleule ulioshindwa kuusimamisha mguu Kariakoo, leo unashindwa kuuanzisha. Ukimfokea unaongeza uzito kwenye kile kiatu.

Sikusema kitu. Niliketi kwenye kiti cha pili, karibu naye, nikavua kiatu changu kimoja, nikaanza kukivaa upya, polepole, nikifunga kamba. Alinitazama mikono. Baada ya muda, sikuhesabu dakika, mguu wake ukasogea.

Tulifika kwa mama saa nane badala ya saa sita. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani.